Kimlango cha paka Dodoma: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Kimlango cha paka ni kijitundu chenye kipande cha kubembea, kinachofungwa kwenye mlango wa nyumba ili paka aingie na kutoka mwenyewe. Kabla hujauliza bei, kagonge mlango wa nyumba wenyewe kwa kifundo cha kidole. Ukitoa sauti nzito iliyoshiba, huo ni mninga au mkongo wa paneli. Ukisikika mtupu kama debe, ni flashi: plywood mbili na hewa katikati. Ukilia kama kengele, ni chuma. Sauti hiyo ndiyo itakayoamua ununue kimlango gani, kuliko picha ya paka mnene kwenye boksi.

Kitu cha pili cha kuangalia ni upepo. Dodoma upepo hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, na wakati wa kiangazi huja na vumbi lake. Kimlango kikiuelekea moja kwa moja kitagonga usiku kucha. Ukiwa na milango miwili ya kuchagua, chagua ulioupa upepo mgongo. Na ikiwa paka umemfuga kwa ajili ya panya, usihangaike na mlango wa sebuleni. Kimlango kiende stoo au jiko la uani, mahali penye magunia ya mtama, karanga na alizeti.

Ukubwa usikusumbue. Paka wetu wengi wana kilo 3 hadi 5, na njia yenye upana wa sm 14 au 15 inamtosha hata dume lililoshiba. Muuzaji asiye na saizi hiyo atakuletea kimlango cha mbwa mdogo na kukuambia "hiki ni cha paka mkubwa". Kiache. Njia ya sm 20 na zaidi inapitisha kuku na mbwa mdogo, na inaupa mkono wa mwizi nafasi zaidi. Popote utakapokata, tundu liwe mbali na komeo na kitasa kadiri uwezavyo, maana mwizi mwenye fimbo na ndoano haingii mwenyewe, anavuta komeo tu.

1. Cha plastiki chenye komeo la namna nne

Kwa nyumba nyingi ndicho cha kununua. Komeo lake lina nafasi nne: aingie na kutoka, aingie tu, atoke tu, au pafungwe kabisa. Hiyo ya "aingie tu" ndiyo inayorudisha pesa yako. Iweke jioni, paka akifuata chakula chake stoo hatoki tena mpaka asubuhi, na usiku mzima yuko na panya humo humo.

Cat Mate na Staywell wanavitengeneza, na zipo pia nakala zisizo na jina; ziulizie Kariakoo. Vikiwa havipo Dodoma, agiza Dar vije kwa basi, lakini muuzaji akutumie kwanza video fupi ya kimlango kikibembea. Pazia lake, yaani kile kipande kinachoning'inia, likisukumwa liende na kurudi mara chache kisha litulie katikati na kunaswa na sumaku iliyo chini. Pande zake ziwe na brashi ya nyuzi, kwa sababu vumbi hupitia pembeni kuliko penginepo. Kikiwa mkononi mwako, kisimamishe wima ukipulize kwa mdomo. Pazia likifunguka kwa pumzi yako, Agosti halitafunga.

Uliza pia kinachukua mlango wa unene gani. Mlango wa mninga una sm 4 au 5 na baadhi ya vimlango vimepimwa kwa flashi nyembamba. Boliti zikiwa fupi, fremu ya nje na ya ndani hazitakutana.

Kufunga si kazi ya kutisha. Pima kutoka sakafuni hadi tumboni mwa paka akiwa amesimama. Kwa kawaida ni sm 10 hadi 15, na ukingo wa chini wa njia ukae hapo. Pima upande wa nje pia! Nyumba nyingi zina ngazi au msingi uliopanda, na kilicho sm 12 kwa ndani kinaweza kuwa sm 35 kwa nje. Tofali moja lililolazwa nje humaliza tatizo hilo.

Kwenye mlango wa paneli, kata ndani ya paneli yenyewe. Usiguse mbao pana ya chini wala nguzo za pembeni, kwani ndizo zenye ndimi zilizoshika mlango mzima. Ukizikata, baada ya msimu mmoja wa mvua mlango utaanza kulegea na kuburuza chini. Paneli mara nyingi huanza sm 20 au zaidi kutoka chini, kwa hiyo weka kipandio cha mbao ndani na nje. Paka kijana atajirukia tu. Mwenye mimba au mzee atakwaruza tumbo, kisha atasusa. Paneli iliyoinuka katikati inataka vipande vyembamba vya mbao pembeni ili fremu ikae sawa.

Bandika karatasi ya vipimo iliyokuja na kimlango (vingi vinataka tundu la karibu sm 16 hadi 17 kila upande), zungushia tepu ya karatasi ili vanishi isichubuke, toboa pembe nne kwa drili ya mm 10 ndani ya mstari, kisha unganisha kwa msumeno wa jigi. Mninga huchemsha meno ya msumeno. Nenda taratibu na uwe na bledi mbili. Piga msasa, halafu paka vanishi mara mbili kwenye mbao iliyokatwa. Hatua hii mafundi huiruka, lakini unyevu hauiruki.

Mlango wa flashi una mtego wake. Ukifunga kimlango juu ya uwazi ule, boliti zitavuta plywood mbili zikutane na mlango utabonyea kama boksi la juisi. Chomeka kwanza vipande vinne vya mbao kuzunguka tundu, vyenye unene sawa na uwazi wa ndani, uvipake gundi na kuviacha vikauke usiku mmoja.

Boliti kaza kwa bisibisi ya mkono. Fremu ikiacha kucheza, ongeza robo ya mzunguko na uishie hapo. Ukikaza kwa drili, fremu inajipinda kwa milimita moja au mbili na pazia linakwama upande mmoja. Ndiyo maana vimlango vingi vinalaumiwa kuwa "vibovu" siku ya kwanza. Pitisha kipande cha karatasi kuzunguka pazia. Kikikwama, legeza. Silikoni weka juu na pembeni kwa upande wa nje, chini uache wazi ili maji ya mvua za Desemba mpaka Aprili yapate pa kutokea.

2. Cha kuchongesha kwa seremala

Hiki kingeshika namba moja kama mafundi wote wangefuata kipimo. Ni rahisi, vifaa vyote vipo mjini, na kikiharibika kinatengenezwa hapo hapo. Mpe fundi maelezo haya, usimwachie abuni: njia ya upana wa sm 15 na urefu wa sm 18, pazia la akriliki ya mm 3, lenye upungufu wa mm 3 kila upande ili lisisuguane, fremu ya mbao kavu pande zote mbili za mlango.

Bawaba za kawaida hazifai, hufungua upande mmoja tu. Kata ukanda wa tyubu ya tairi, upana sm 4, uupigilie skrubu juu ya njia, nusu yake ikishika fremu na nusu ikishika pazia. Mpira unajikunja ndani na nje bila kelele na vumbi haliukwamishi. Jua huukausha, kwa hiyo ukague kila kiangazi; ukiona mipasuko midogo, badilisha. Chini, funga sumaku ya mlango wa kabati kwenye kizingiti na kipande chembamba cha bati kwenye pazia. Sumaku iwe moja. Mbili zitamshinda paka mdogo.

Udhaifu wake ni kwamba hakina namna nne. Utaweka vikomeo viwili vidogo, kimoja ndani kimoja nje, na utakumbuka mwenyewe kuvifunga.

3. Kipande cha dirishani, kwa mpangaji

Tangu serikali ihamie Dodoma nyumba za kupanga zimeongezeka, na mwenye nyumba ukimwambia unataka kutoboa mlango wake, jibu unalijua. Kama dirisha ni la alumini la kuslaidi, sukuma kioo kiasi cha sm 25, kisha simamisha kwenye reli kipande cha plywood ya mm 12 chenye urefu wa dirisha, kikiwa na kimlango chini. Ukihama unakibeba. Jambo la kupima mapema ni nondo: nafasi kati ya moja na nyingine ikiwa chini ya sm 9, paka mkubwa atapita kwa taabu. Wavu wa mbu nao utabidi usogezwe, na pengo kati ya plywood na kioo lizibwe kwa sponji, la sivyo umemfungulia paka na mbu pamoja. Kioo ulichokisogeza hakifungiki tena kwa loki yake, hivyo weka kizuizi cha mbao ndani ya reli.

4. Kupitia ukutani

Ni kwa wenye milango ya chuma wasiotaka kuikata. Bomba la PVC la inchi 6 hupita ukuta wa tofali la saruji vizuri, na pazia linafungwa kila mwisho. Likilazwa, liinamie nje kidogo ili maji yasiingie. Usitoboe chini ya dirisha karibu na kona wala kwenye mkanda wa zege. Kazi ni chafu na haina kurudi nyuma.

Ukiamua kukata chuma chenyewe, tafuta kwanza skwea paipu za ndani kwa kugonga, ukate kati yake kwa grenda, ulainishe kingo kwa tupa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, halafu rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Mlango wa chuma unaopigwa na jua la magharibi hupinda pazia la plastiki nyembamba.

Na kama mlango wako ni wa kioo: kioo kilichochomwa kiwandani ili kiwe kigumu, kile chenye muhuri mdogo kwenye kona, hakikatwi. Kikiguswa na msumeno au drili kinasambaratika chote.

5. Kinachosoma chipu

Kitu kizuri, lakini si kwa kila mtu. Kinasoma chipu, yaani kitambulisho kidogo cha kielektroniki chenye tarakimu 15 ambacho daktari wa mifugo hukiweka chini ya ngozi ya paka wako, na kuwakatalia wengine, na kinatumia betri nne za AA, kwa hiyo umeme ukikatika hakijui. Kama madume ya mtaani yanaingia kukojoa kwenye magunia, ndicho dawa. Ila paka wako awe na chipu kwanza. Muulize daktari wa mifugo kabla ya kuagiza. Vya kawaida hukagua anayeingia tu, hivyo paka yeyote aliye ndani anaweza kutoka. Vumbi hufunika kile kijicho kinachomwona paka. Kifute kwa kitambaa kikavu kila wiki wakati wa kiangazi. Kwenye mlango wa chuma usomaji hudhoofika, kwa hiyo kata tundu kubwa zaidi na ukizungushie mbao kila upande.

6. Cha kola ya sumaku

Usinunue. Hufunguliwa na sumaku anayovaa paka shingoni, na sumaku hiyo huzoa chembe nyeusi za chuma zilizo kwenye mchanga mpaka inaota ndevu, kisha inaokota misumari na vizibo. Na paka wa jirani aliyevaa sumaku kama hiyo anaweza kufungua mlango wako.

Hakuna kati ya hivi kinachomzuia nyoka au nge kabisa. Brashi nzima na pazia lililonaswa vyema hupunguza tu. Majani na mawe yasirundikwe karibu na tundu.

Siku tatu za kwanza ning'iniza pazia likiwa wazi kwa tepu, weka dagaa upande wa pili, kisha lishushe kidogo kidogo. Usimsukume paka kichwa, hatarudi. Na sumu ya panya iondoke stoo siku hiyo hiyo kimlango kinapofungwa, kwa sababu panya aliyekula sumu huzubaa kabla hajafa, na huyo ndiye paka atakayemkamata kwanza.