Mkopo wa nyumba Matugga: nilichopata kwa riba ya asilimia 17

Watu wengi wa Kampala niliowaambia kwamba tumenunua nyumba kwa mkopo wa benki walinionea huruma. Hapa kwetu mtu hununua kiwanja cha hamsini kwa mia, akaweka msingi mwaka huu, akainua ukuta mwaka ujao, akahamia kabla ya dari na kumalizia akiwa ndani. Karibu wote ninaowajua walijenga hivyo, na wana haki ya kujivunia. Lakini mume wangu ni dereva wa lori la Mombasa, siku nyingi yuko njiani, na mimi ni mhasibu katika kampuni ya kutoa mizigo forodhani. Hatukuwa na mtu wa kusimama na mafundi kila asubuhi kuhesabu mifuko ya saruji. Tena mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa askari, tulilelewa Jinja na Bombo katika nyumba za jeshi, Kiswahili kikiwa lugha ya uani, na mzazi akistaafu familia inarudisha funguo. Nilitaka nyumba yenye hati ya jina letu wakati bado nina nguvu za kuilipia.

Hukumu yangu naitoa mapema. Pesa za benki ni ghali mno. Ukaguzi wa ardhi unaokuja pamoja na pesa hizo ni mzuri kuliko nilivyotarajia, na kama ningenunua kwa pesa taslimu nisingeufanya hata nusu.

Nyumba ya kwanza tuliyoipenda ilikuwa Kawanda, nje kidogo ya Kampala. Vyumba vitatu, tangi la maji, mwembe mbele, bei nafuu. Dada wa mikopo pale benki aliuliza swali moja tu: "Ina hati, au ni kibanja?" Ilikuwa kibanja, yaani haki ya kukaa na kulima juu ya ardhi yenye hati ya mtu mwingine. Mwenye kibanja Buganda ana haki za kweli. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda, na akilipa busuulu yake, ile kodi ndogo ya kila mwaka, kwa mwenye ardhi hawezi kufukuzwa ovyo. Lakini jina lililo kwenye hati ni la mwenye ardhi, si lake, na benki yetu haipokei kama rehani kitu ambacho hati yake iko kwa mtu mwingine. Muuzaji alitushawishi tulipe taslimu kidogo kidogo, hati "itafuata". Mume wangu alikataa hapo hapo. Mambo haya yana mizizi mirefu. Mkataba wa Buganda wa 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba, ndiyo maana tunaiita mailo, na watu waliokuwa tayari wanalima juu yake walibaki bila karatasi. Hadi leo kipande kimoja kinaweza kuwa na wenyewe wawili, mmoja wa hati na mmoja wa jembe.

Tuliangalia pia upande wa chini wa Nansana, tukaacha. Mwaka 2024 NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilibomoa nyumba za watu kule kwenye ardhi oevu ya Lubigi, na picha zile hazijanitoka. Katiba ya 1995 inasema ardhi oevu inashikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi, kwa hiyo hati ya bwawani inaweza kufutwa hata kama ina mhuri. Ukiona mafunjo nyuma ya nyumba, usiendelee kuuliza bei.

Nyumba tuliyoinunua iko Matugga, juu ya barabara ya Bombo, kwenye ardhi ya mailo yenye hati. Mzee aliyeiuza alitaka shilingi milioni 120. Sisi tulikuwa na milioni 50, akiba ya miaka ya mume wangu kwenye SACCO ya madereva na yangu ya kazini. Tukaomba benki milioni 70.

Hapa ndipo kazi ya benki ilipoanza kunipendeza. Wakili wao alichukua namba za bloku na ploti, zinazotambulisha kiwanja, akaenda kufanya upekuzi katika ofisi ya ardhi ya kanda pale Wakiso. Ada ya serikali ya upekuzi ni ndogo, shilingi elfu 10, na kwa kuwa kumbukumbu sasa ziko kwenye kompyuta, jibu linaonyesha nani mmiliki, kama kuna rehani nyingine, na kama kuna mtu ameweka kaveti, yaani zuio la kuihamisha. Mtu yeyote anaweza kuomba upekuzi huu. Nakala ya hati anayokuonyesha muuzaji mezani haitoshi kabisa. Kinachohesabika ni kile kilichoandikwa kwenye kumbukumbu za ofisi. Ya mzee ilikuwa safi.

Kisha akaja mpima ardhi kufungua mipaka. Ushauri wangu kwa kila mnunuzi ni kuwepo siku hiyo, uwe na mkopo au usiwe nao. Alikuja na mashine yake, majirani wakatoka, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, akaja na daftari. Dalali alikuwa ametuambia ploti ni desimali 12, na desimali ni sehemu moja ya mia ya ekari. Mawe ya mipaka yalionyesha 10. Ukuta wa upande wa barabara ulikuwa umejengwa nje ya jiwe, juu ya njia ya watu. Mzee mwenyewe alishtuka, kwa maana aliukuta ukuta ule alipoinunua nyumba. Tulikaa naye barazani, mume wangu akazungumza naye kwa adabu, "Mzee wetu, sisi tunanunua kilicho kwenye hati," na bei ikashuka hadi milioni 112. Tofauti hiyo peke yake ililipa gharama zote za mawakili na wapimaji, ikabaki.

Lakini kilichonikaa moyoni zaidi ni bustani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na migomba na mihogo, na bibi mmoja akipalilia. Mimi nilidhani ni kibarua wa mzee. Mthamini wa benki ndiye aliyeniuliza, "Yule ni nani, na amelima hapa tangu lini?" Juu ya mailo, mtu aliyekaa au kulima kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 bila kupingwa na mwenye ardhi anaweza kuwa na haki ya kibanja, na haki hiyo haiandikwi kwenye hati. Upekuzi wa Wakiso hauionyeshi. Inabidi uende ukaulize kwa miguu yako. Tulienda kwa yule bibi, jajja, pamoja na mwenyekiti wa LC1, tukapiga magoti tukamsalimu, tukauliza. Akatueleza kwamba kibanja chake kiko ng'ambo ya njia, na hapa mzee alimruhusu alime baada ya mzee mwenyewe kuhamia. Alikubali jambo hilo liandikwe mbele ya wanawe na mwenyekiti, akaweka dole gumba. Tukamwachia avune, na mpaka sasa upande ule wa migomba ni wake kwa msimu, kwa maandishi. Bila swali la yule mthamini tungeweza kununua ugomvi na mama mzee asiye na kosa lolote, na mahakama ingekuwa na sababu ya kumsikiliza.

Sasa pesa. Riba tuliyopewa ni asilimia 17 kwa mwaka, kwa salio linalopungua, yaani inahesabiwa kwenye deni lililobaki tu. Mthamini aliandika thamani mbili, ya soko na ya kuuza kwa haraka, na benki yetu hukopesha hadi asilimia 70 ya thamani ya soko, kwa hiyo milioni 70 ilipita. Swali likawa ni kwa miaka mingapi. Afisa wa mikopo alitusukuma kwa upole tuchukue 20, akisema marejesho ya mwezi yatakuwa mepesi na mishahara yetu itapumua. Mimi ni mhasibu. Nilirudi nyumbani nikafungua kompyuta.

Kwa miaka 20, rejesho la mwezi ni karibu shilingi 1,027,000. Kwa miaka 15 ni karibu 1,077,000. Yaani ile miaka mitano ya ziada inakupunguzia elfu 50 tu kwa mwezi. Kwa miaka 10 ni karibu 1,217,000. Angalia jumla: miaka 20 utalipa kama milioni 246 kwa deni la milioni 70, miaka 15, milioni 194, miaka 10, milioni 146. Sababu ni kwamba riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni shilingi 991,667. Ukilipa 1,027,000, kinachogusa deni lenyewe ni elfu 35. Ni kama kuteka mtungi kwa kijiko. Ukilipa 1,217,000, deni linapungua kwa elfu 225 mwezi huo huo wa kwanza, na kila mwezi riba inapata mahali padogo pa kuuma.

Tulichagua 10. Imebana. Ada za shule za watoto wetu wawili zimepangwa upya, na mume wangu amekubali safari za Juba ambazo zamani alizikwepa. Lakini kwa riba za Uganda sioni jinsi miaka 20 inavyomsaidia mkopaji, na nasikitika kuona inauzwa kama huruma kwa watu ambao hawajaonyeshwa jedwali. Omba jedwali la marejesho kabla ya kusaini. Likikosekana, usisaini.

Gharama za pembeni zilitufikia moja moja, na hapo benki yetu naipa alama mbaya. Niliorodheshewa ada ya kuandaa mkopo na ya mthamini mwanzoni. Bima ya maisha ya mkopaji na bima ya moto zikatokea wiki ya kusaini. Ushuru wa stempu ni wa serikali, na unaujua mapema: asilimia 1.5 ya thamani ya ardhi kwa kuhamisha hati, kwa tathmini ya mthamini wa serikali, na, wakati sisi tunakopa, asilimia 0.5 ya mkopo kwa hati ya rehani. Kwa mkopo wetu hiyo ya pili ilikuwa shilingi 350,000. Wekeni akiba ya pembeni isiyoguswa na pesa ya nyumba, la sivyo mtakopa tena ili mkamilishe kukopa.

Kuhusu ndoa benki walikuwa makini, na niliwashukuru. Sheria ya Rehani ya 2009 inataka ridhaa ya mwenzi nyumba ya familia inapowekwa rehani. Sisi hati iko kwa majina yetu wawili, tukasaini wote, lakini wakili alihakikisha kila mmoja ameelezwa peke yake. Alinieleza pia yatakayotokea tukishindwa: notisi ya kulipa malimbikizo ndani ya siku 45 za kazi, kisha notisi ya siku 21 za kazi kabla ya kuuza, na anayetaka kuzuia mnada mahakamani anaweza kutakiwa aweke asilimia 30 ya ile thamani ya kuuza kwa haraka au ya deni. Kina mama, msisaini kwa sababu baba watoto amesema kuna haraka. Kaeni na wakili muulize.

Majirani zetu wa zamani wa Bombo, Waislamu wengi wao, waliniuliza kama kuna njia isiyo na riba. Sheria ya benki ilirekebishwa 2016 kuruhusu benki za Kiislamu, na Salaam Bank ilipata leseni 2023. Mimi sijatumia huduma yao, kwa hiyo siwezi kuipa alama.

Lalamiko langu kubwa ni kuhusu riba inayopanda na kushuka. Mkataba wetu unaruhusu benki kubadilisha kiwango. Benki Kuu ilishusha kiwango chake cha riba kutoka asilimia 10.25 katikati ya 2024 hadi 9.75 Oktoba mwaka ule. Rejesho letu halikusogea hata shilingi. Niliandika barua, nikajibiwa kwa lugha nzuri kwamba gharama za benki zina mambo mengi. Naamini kiwango kingepanda, barua ingekuja upesi. Kwa hili siwatetei.

Kuna kifungu kimoja tulichokipigania kabla ya kusaini na tukakipata: kulipa zaidi ya rejesho la mwezi bila faini, na ziada yote iende kwenye deni la msingi. Rasimu ya kwanza ilikuwa na ada ya kumaliza mapema. Wakili wetu, tuliyemlipa sisi wenyewe mbali na yule wa benki, ndiye aliyeikata. Sasa kila mume wangu anaporudi na posho ya safari, tunapeleka kidogo, na ninadai risiti iliyoandikwa kwamba ni ya msingi, kwa sababu mara ya kwanza waliiweka kama rejesho la mwezi unaofuata na ikabidi nirudi kaunta wairekebishe. Walirekebisha siku hiyo hiyo. Mkichukua mkopo kama huu, kagueni salio kila baada ya malipo ya ziada, na risiti zote ziwekwe pamoja na nakala ya hati. Hati halisi iko kwao mpaka tumalize.