Miezi Minne katika Ukumbi wa Vyuma, Milimani, Kisumu
Kwa miezi minne nimefanya mazoezi katika ukumbi mdogo wa kunyanyua vyuma mtaani Milimani, na ninaupendekeza kwa kila mwanamke anayetafuta nguvu, si wembamba pekee. Kando ya kioo zimebandikwa picha mbili: Wonder Woman, shujaa wa katuni aliyezuka Marekani mwaka 1941, na Conjestina Achieng', bondia wetu wa kutoka Siaya. Mimi humtazama Conjestina zaidi, kwa sababu yule wa katuni mara nyingi huchorwa akiinua magari kwa mikono myembamba, ilhali mabega ya Conjestina yalijengwa kwa jasho.

Mkufunzi, mama wa makamo, alinianzisha na chuma kitupu cha kilo 20, akanirekebisha mgongo na magoti kwa subira, na leo ninachuchumaa nikiwa na kilo 50 mabegani. Alinieleza pia kwamba mwili wa mwanamke una homoni ya testosteroni kidogo sana ukilinganishwa na wa mwanamume, hivyo misuli huja polepole. Wanawake walianza kunyanyua vyuma katika Olimpiki mwaka 2000, mjini Sydney, lakini hadi leo shangazi yangu huniuliza ni nani atakayenioa nikiwa na mikono hii, na swali hilo huniuma.

Bafu la wanawake ni moja tu, na foleni ya jioni huchosha. Baadhi ya wanaume hutoa ushauri bila kuombwa, ingawa mkufunzi huwakanya papo hapo. Afadhali kufika kabla ya saa moja asubuhi.