Ushauri wa uzito katika kliniki moja ya Kampala: mgonjwa husikilizwa kwanza

Shangazi yangu ana kisukari cha aina ya pili pamoja na unene uliopindukia, na mimi ndiye ninayemsindikiza kwenye ushauri wa uzito katika kliniki moja ya binafsi hapa Kampala. Kwa wanaojiuliza kama huduma hiyo inastahili ada na nauli, jibu langu ni kwamba inastahili, ingawa yapo mambo ambayo uongozi unapaswa kuyarekebisha haraka.

Mshauri hutumia mahojiano ya kuhamasisha, mbinu ambayo mwanasaikolojia William Miller wa Marekani aliieleza mwaka 1983 kutokana na kazi yake na watu wenye tatizo la ulevi, kisha akaiendeleza pamoja na Stephen Rollnick. Wazo lake ni hili: mtu akishurutishwa kubadilika hujitetea. Akizitaja sababu zake mwenyewe, huanza kuzishika.

Shangazi hakukatazwa matoke wala posho, yaani ugali. Aliulizwa, "Mama, kuanzia sifuri hadi kumi, kupunguza uzito kuna umuhimu gani kwako?" Akajibu tano. Nilidhani ataulizwa kwa nini si kumi, lakini aliulizwa kwa nini hakusema mbili, na hapo akaeleza jinsi magoti yanavyomuuma akipanda ngazi na jinsi anavyotamani kupunguziwa dawa. Alipoulizwa kinachomzuia, jibu lake halikuhusu chakula hata kidogo: anaogopa maneno ya majirani. Katika nchi ambayo miaka ya 1980 UKIMWI uliitwa Slim kwa jinsi ulivyowakondesha watu, mama wa makamo akipungua bado anaweza kushukiwa. Kwingineko alikotibiwa kabla alipewa karatasi za lishe tu, na hofu hiyo haikujulikana kwa sababu hakuna aliyeiuliza.

Mshauri hakumbishia. Alimrudishia alichokisikia, akaomba ruhusa ya kumweleza kwamba kupungua hata asilimia 5 ya uzito huweza kusaidia sukari na presha, kisha akamwuliza analionaje jambo hilo. Shangazi mwenyewe ndiye aliyependekeza kupunguza posho ya usiku na kwenda kanisani kwa miguu badala ya boda boda.

Kinachosikitisha ni kwamba mizani imewekwa kwenye korido, na muuguzi husoma kilo kwa sauti mbele ya foleni nzima. Aidha, daktari wa zamu humkaripia mgonjwa kuhusu uzito wake dakika chache baada ya mshauri kumsikiliza kwa upole, na kazi nzuri iliyofanyika chumba cha pili huanza kubomoka. Watumishi wote, tangu mapokezi, wanahitaji kufundishwa mbinu hiyohiyo.

Anayetaka kwenda aombe miadi ya asubuhi, kwani mchana mazungumzo hufupishwa, na aombe kupimwa uzito ndani ya chumba cha mshauri; sisi tulipoomba, tulikubaliwa.