Nyaya za boti ya zamani: chuna ganda kabla hujalipa

Nilibadilisha nyaya zote za kiboti changu cha zamani, na kabla mwaka haujaisha taa za safari zikaanza kufifia, pampu ya kutoa maji nayo inanguruma kinyonge. Mita inasoma volti 12 na ushee kila mahali, mpaka nikajua pampu ndo imekufa. Kumbe nilikuwa napima kila kitu kikiwa kimezimwa! Washa kwanza ndo upime. Betri ilikuwa 12.6, kwenye taa 10.8, yaani karibu volti mbili zinaliwa njiani. Nikachuna ganda, shaba nyeusi tii, nikasogea nyuma nikachuna tena, bado nyeusi.

Watu wanauliza unene, rangi, urefu wa koili, ila kama shaba imepakwa bati hakuna anayeuliza, na hapo ndo pesa inapotea. Shaba tupu inanyonya unyevu wa chumvi kwenye ncha, unatambaa katikati ya nyuzi ndani kwa ndani usikouona, na nje waya bado unang'aa.

Namba moja kwangu ni waya wa chapa ya Ancor, sifichi. Kila uzi umepakwa bati, nyuzi ni nyingi na nyembamba kwa hiyo zinahimili mtikisiko wa injini, na ganda limeandikwa UL 1426 na BC5W2, yaani alama za kiwango cha waya wa boti. Namba mbili ni waya mwingine wowote wenye maandishi hayo, ila uuchune, ndani uone rangi ya fedha. Waya wa gari ni wa kujishikiza tu. Ule mgumu wa uzi mmoja wa nyumbani, hapana kabisa.

Unene hesabu kwa urefu wa kwenda na kurudi, taa za safari zisipoteze zaidi ya asilimia 3 ya volti. Terminali, vile vishikizo vya ncha za waya, nazo ziwe zimepakwa bati, zibane vizuri, juu yake mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani, usio na gundi unapitisha maji.

Kinachoniuma ni muuzaji. Kibandiko kimeandikwa waya wa boti, bei ya waya wa boti, ndani shaba tupu! Nilipomrudia akasema chumvi sio kosa lake. Sasa waya wa boti alitegemea ukakae wapi? Siku hizi naenda na kisu, nachuna sentimita moja mbele yake, akigoma naondoka.