TAHADHARI: "LPT ya USB" ya Kariakoo, ni waya wa printa tu!

Wadau, nimepigwa mchana kweupe. Mnajua hali yangu tangu radi ile iue kompyuta ya karakana, na milango ya msikiti niliyoahidi kuchonga bado inanidai. Basi nikapanda Kariakoo na laptopu yangu kutafuta namna ya kuiunganisha na mashine ya CNC, ile inayochonga mbao kwa amri za kompyuta, maana laptopu za siku hizi hazina tundu la LPT, lile la pini 25 la printa za zamani.

Duka liko ghorofani. Jamaa mpole, kila neno "mzee wangu". Nikamweleza wazi: sitaki ya printa, nachonga mbao, natumia Mach3, programu ya kuendesha CNC, pini ya 2 mpaka ya 9 zitoe volti 5 nikiziamuru. Akatoa kiwaya kwenye mfuko wa nailoni: "Mzee wangu, hii LPT kamili, pini 25 hizo, hesabu mwenyewe." Nikavaa miwani, nikahesabu, kweli 25! Hakuishia hapo. Akakichomeka kwenye laptopu yangu, ikalia ting. Akaburuta printa moja ya Epson ya zamani imejaa vumbi, akapachika, karatasi ikatoka krrr krrr na jina langu juu yake. Sasa mtu kakuonyesha kitu kinafanya kazi mbele ya macho yako, utambishia nini? Nikahesabu 85,000. Risiti eti mashine ya EFD haina mtandao.

Karakana sasa. Mach3 nimeiwekea 0x378, anwani ya kawaida ya LPT kwenye kompyuta, kimya. Nikabana taa ya LED na kizuizi chake (resista) kati ya pini ya 2 na ya 25 ambayo ni ya ardhi, giza. Mota hazikusogea hata unywele, vijana wanajifanya wanafagia.

Nikampigia: "Hiyo draiva tu mzee wangu, pakua." Nikampigia tena, kanifungia namba. Kumfuata dukani, "mali ikitoka hairudi". Mwizi! Mtu wa hivi anyang'anywe leseni, afilisiwe, akauze karanga, na karanga zenyewe zipimwe!

Haya, kabla hamjalizwa. Kikichomekwa, tazama Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows. Ikiandika "USB Printing Support" na hakuna LPT1 kwenye orodha ya Ports, toka dukani. Chipu yake inaongea na printa tu, haina anwani ambayo programu yako itaiandikia pini moja moja. Kadi ya PCI yenye tundu la LPT, inayochomekwa ndani ya kompyuta ya mezani, ndiyo ina anwani yake, na mara nyingi si 378, unaitafuta unaibadilisha kwenye Mach3. Halafu Mach3 haitumii LPT kabisa kwenye Windows ya biti 64, na laptopu yangu ni hiyo hiyo biti 64, jamaa kaishika kwa mikono yake, kaiona, kanyamaza kimya!

Jumamosi narudi na polisi, na karatasi yake ya Epson ninayo. Aliyeuziwa kama mimi anitafute twende pamoja.