Huduma ya Kuhamisha Kanda za Kamera Mjini Kampala: Kosa Halikuwa la Kanda

Kanda niliyoipeleka ihamishwe kuwa faili la kompyuta ilikuwa MiniDV, kanda ndogo ya kamera ya dijitali, ya dakika 60, yenye sherehe ya kwanjula (utambulisho wa mchumba kwa familia ya bibi harusi) ya dada yangu iliyofanyika Masaka mwaka 2004. Duka ni chumba kidogo cha ghorofani upande wa Wandegeya, ambako nilitozwa shilingi 40,000 na kuahidiwa flashi baada ya siku mbili. Siku zilitimia kama walivyosema, lakini picha ilikuwa mbovu.

Kila mashangazi waliponyanyuka kutoka kwenye mkeka, mabega ya gomesi, vazi lao la heshima lenye mabega yaliyochongoka, yalichanika kuwa mistari myembamba kama meno ya kitana. Wekundu wa mishipi ulivuja nje ya mishipi yenyewe, na wacheza ngoma walipoanza kutikisa viuno, kioo kizima kiligeuka vigae. Ssenga (shangazi) wetu, ambaye amekuwa mwembamba tangu nimjue, alikuwa amenenepa ghafla, kwa sababu picha yenye uwiano wa upana kwa kimo wa 4:3 ilivutwa ijaze kioo kipana cha 16:9.

Niliporudi, kijana wa mezani alinijibu kwa upole, "Kanda imezeeka, ssebo." Sikukubali, kwa kuwa nilikwisha kuitazama kanda hiyo kwenye kioo kidogo cha kamera yangu na ilikuwa safi, tena kanda ya dijitali ikichoka, picha huganda au hukatika vipande, rangi zake hazivuji. Nilimwomba anionyeshe waya alioutumia, naye akanyanyua ule wenye plagi ya njano. Picha iliyokuwa tayari namba ndani ya kanda iligeuzwa kuwa mawimbi, rangi na mwangaza vikasongamana katika waya mmoja, kisha kifaa cha USB kikaigeuza kuwa namba kwa mara ya pili. Baada ya hapo faili likabanwa hadi megabaiti 700 kwa saa nzima, yaani takriban megabiti 1.5 kwa sekunde, ilhali DV, mfumo wa kanda hizi, huandika video kwa megabiti 25.

Kwa sifa yake, kijana hakubishana. Nyuma ya pazia palikuwa na kompyuta kuukuu yenye kadi ya FireWire, ambayo huchukua namba zile zile zilizomo kwenye kanda bila kuzigusa, ingawa saa moja ya kanda hudai saa moja ya kusubiri. Faili lilitoka na gigabaiti 13 hivi, na flashi ikalikataa, kwa kuwa ilikuwa imeandaliwa kwa mfumo wa FAT32 usiopokea faili moja linalozidi gigabaiti 4. Tukalihifadhi kwenye diski niliyokuja nayo.

Kazi ngumu ilikuwa nakala ya kutazama. Video ya kamera hizi, za mfumo wa televisheni uitwao PAL, ina pikseli 720 kwa 576, na kila sekunde ina nusu-picha 50, moja ikibeba mistari ya shufwa na inayofuata ya witiri. Programu ikizibandika mbili mbili bila kuzitenganisha, ndipo meno ya kitana yanapotokea. Kijana aliiagiza programu itoe picha kamili 50 kwa sekunde, lakini jaribio la kwanza wacheza ngoma walitetemeka, wakienda mbele na kurudi nyuma kana kwamba wamepigwa na umeme. Programu ilidhani nusu-picha inayoanza na mstari wa juu kabisa ndiyo hutangulia, kumbe katika DV hutangulia ile inayoanza na mstari wa chini yake. Alipobadilisha chaguo hilo moja mtetemo ulikoma, na aliporudisha uwiano wa 4:3, Ssenga naye akarudia umbo lake.

Hawakunitoza tena. Vigae vichache vilibaki karibu na dakika ya 41. Walipitisha kanda ya kusafishia kichwa cha kamera, vikapungua bila kwisha, na hapo ninaamini kosa ni la kanda kweli. Nimebakiwa na kanda mbili za harusi yenyewe, na nitazipeleka huko huko, mradi niuone waya kabla hawajaanza.