Utepe wa Supakondakta wa Milimita 4: Dai Jedwali, Si Namba Moja

Wauzaji wa nyaya za supakondakta (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani kikipozwa vya kutosha) za kizazi cha pili, ambazo kiini chake ni oksidi ya bari, shaba na metali adimu kama itriamu, hupenda kutangaza namba moja tu: mkondo unaobebwa na utepe uliozamishwa katika nitrojeni ya kimiminika, kwenye kelvini 77 (takriban nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri), bila uga wa sumaku kutoka nje. Kwa upana wa milimita 4, namba hiyo mara nyingi huzidi ampea 100. Utepe tulioupima maabara uliifikia bila shida, lakini anayetaka kusuka koili hawezi kuitegemea, maana koili huzaa uga wake wa sumaku.

Kikomo cha mkondo, yaani mkondo mkubwa kabisa ambao utepe huubeba kabla ukinzani haujajitokeza, huhesabiwa pale volti inapofikia mikrovolti 1 kwa kila sentimita. Kabla ya hapo kipimo hakionyeshi kitu. Baada ya hapo volti hupaa ghafla, na asiyekuwa mwepesi wa kukata umeme huunguza sampuli. Tulipowasha sumaku ya nje, uga ukiwa wima dhidi ya uso wa utepe, kikomo kiliporomoka vibaya. Tulipougeuza utepe ukalala sambamba na uga, sehemu kubwa ya uwezo wake ilirejea. Sababu ni kwamba uga hupenya ndani ya supakondakta kwa mafungu membamba, ambayo mkondo huyasukuma, na yakisogea tu, ukinzani huzaliwa. Chembe za zirkoniati ya bari zilizotiwa katika utepe huu huyang'ang'aniza mahali pake, nao msaada wake ulionekana hasa katika uga wa wima.

Kwenye baridi kali zaidi hali ni nyingine kabisa. Mwaka 2021, chuo kikuu cha MIT na kampuni ya Commonwealth Fusion Systems, nchini Marekani, walitumia tepe za aina hii kufikia uga wa sumaku wa tesla 20 kwenye kelvini 20, jambo lisilofikirika kwa nitrojeni. Kwa hiyo mnunuzi adai jedwali la vikomo kwa kila pembe, uga na halijoto atakayotumia. Muuzaji wetu alilitoa baada ya kusumbuliwa sana, na kwa hilo nampunguzia alama.

Utepe wenyewe ni imara ukivutwa kwa urefu, ila tabaka zake hubanduka kirahisi zikivutwa kutoka usoni. Joto linapozuka mahali pamoja husambaa polepole mno na kipimo kilicho mbali huchelewa kuligundua, kwa hiyo nyaya za kupimia volti zifungwe karibu karibu.